Kontena Lililozimika: Kutafuta Chanzo Kabla ya Kuwasha Upya

Kontena la programu ni mchakato wa kawaida wa Linux uliozungushiwa ua. Ukiwa ndani ya ua huo, mchakato unaona mafaili yake, mtandao wake na orodha yake ya michakato, wala hauna habari kwamba upande wa pili kuna jirani. Ua wenyewe ulijengwa kidogo kidogo. Amri ya chroot, inayoufanya mchakato uone folda moja kana kwamba ndiyo mzizi wa mafaili yote, ilikuwamo katika Unix toleo la 7 mwaka 1979. Mfumo wa cgroups, unaopima na kuwekea ukomo memori na muda wa kichakataji, ulianzwa na wahandisi wa Google mwaka 2006 na kuingia katika kiini cha Linux, toleo la 2.6.24, mapema mwaka 2008. Docker, iliyofunga vipande hivyo katika amri chache zinazokaririka, ilionyeshwa hadharani na Solomon Hykes Machi 2013.

Jina limeazimwa bandarini. Meli Ideal X ilipong'oa nanga Newark Aprili 1956 kuelekea Houston ikiwa na makontena 58, jambo jipya lilikuwa kwamba mwendesha winchi hakuhitaji tena kujua kilichomo ndani ya sanduku. Mpakuzi wa Kilindini leo hana haja ya kujua pia. Kwa usafirishaji wa programu mfano huu unafaa sana: kilichofungwa kwenye kompyuta mpakato Arusha kinafunguliwa vilevile kwenye seva iliyoko Frankfurt. Kwa kutafuta hitilafu, mfano huohuo unapotosha. Kontena la bandarini lina sakafu yake ya chuma. La kompyuta halina. Makontena yote ya seva moja yanakanyaga kiini kimoja cha Linux, yanagawana memori moja na kujaza diski moja. Anayekagua ndani ya kontena tu anaweza kukesha bure, kwa sababu kilicholiua huenda kilikuwa nje.

Mfano wa kufuata hapa ni mdogo na wa kawaida: mashine pepe ya kukodi yenye memori ya gigabaiti 1, Linux na Docker, na juu yake makontena manne. Mlangoni kuna nginx inayopokea wageni, katikati kuna programu yenyewe iliyoandikwa kwa Python, nyuma kuna kanzidata ya PostgreSQL, na pembeni kuna Redis inayoshika kwa muda yale yanayoulizwa mara kwa mara. Asubuhi moja wateja wanaona ukurasa mweupe wenye maneno "502 Bad Gateway". Ukurasa huo huandikwa na nginx, na maana yake ni finyu: mlinzi wa mlangoni yuko kazini, ila anayepaswa kujibu nyuma yake hajibu.

Hapo mkono wa mtu aliyeamshwa usingizini huenda moja kwa moja kwenye amri ya kuwasha upya, na ushahidi mwingi hupotea. Amri ya docker restart huziacha logi mahali pake, lakini hufuta hali ya mwisho ya kontena: namba lililotoka nayo na alama ya kama liliuawa kwa uhaba wa memori. Amri ya docker compose down hufuta zaidi, maana huondoa kontena lenyewe na logi zake. Kama wateja hawawezi kungoja, dakika moja ya kumwaga matokeo ya docker inspect na docker logs kwenye faili inatosha, kisha huduma iwashwe.

Kontena lililozimika bado lipo. Amri ya docker ps huonyesha yaliyo hai tu, na wengi wamewahi kuapa kwamba kontena "limetoweka" kwa sababu ya kutazama orodha hiyo fupi. Ikiongezwa herufi -a, yanaonekana yote. Katika mfano huu safu ya hali inasomeka hivi:

web      Up 9 days
app      Restarting (1) 4 seconds ago
db       Up 9 days
cache    Exited (137) 3 hours ago

Macho huvutwa na mstari wa pili, kwa kuwa ndio unaohangaika: app inawaka na kuzimika bila kupumzika. Logi zake, zikifunguliwa kwa docker logs --tail 50 app, zinarudia mstari mmoja: "Error -2 connecting to cache:6379. Name or service not known." Yaani programu iliuliza anwani ya jirani aitwaye cache ikaambiwa hakuna mtu wa jina hilo. Mtaalamu mchanga hapa huanza kupekua mipangilio ya majina ya mtandao, na anaweza kupoteza saa nzima. Katika mtandao wa Docker, jina la kontena hujulikana wakati kontena liko hai; likizimika, jina lake huondoka nalo. Kwa hiyo app inalia tu. Aliyekufa ni cache, na amekufa saa tatu kabla. Mwenye kelele si lazima awe mhusika. Mstari ulionyamaza ndio wa kusomwa kwanza.

Namba iliyo kwenye mabano ni namba ya kutokea, ambayo mchakato huiacha unapofika mwisho, na ina lugha yake. Sifuri ni kumaliza kazi kwa amani, jambo linaloshangaza pale ambapo huduma ilitakiwa kukaa wazi siku zote. Sababu yake ya kawaida ni kwamba amri ya kuanzia iliisukuma huduma ikafanye kazi nyuma ya pazia, ikamalizika. Kontena huishi kadiri mchakato wake namba 1 unavyoishi, si zaidi. Ndiyo maana nginx ndani ya kontena huendeshwa na agizo la "daemon off". Moja ni programu kukata tamaa yenyewe, na maelezo yamo kwenye logi. Namba 125 ni Docker yenyewe kushindwa kuanzisha kontena, 126 ni amri iliyopatikana ila haikuweza kuendeshwa, na 127 ni amri isiyopatikana kabisa. Kuanzia 128 kwenda juu, kwa kawaida huondolewa 128 na kinachobaki ni ishara iliyouangusha mchakato: 143 ni ishara ya 15, ombi la kistaarabu la kufunga, 139 ni ya 11, programu kugusa memori isiyo yake, 137 ni ya 9, kuuawa papo hapo bila nafasi ya kuaga.

Namba 137 husingiziwa sana. Wengi wakiiona husema memori imeisha, lakini docker stop nayo inaweza kuizaa: hutuma ishara ya 15, hungoja sekunde 10, kisha humaliza kwa ishara ya 9. Programu iliyoanzishwa kupitia ganda la sh mara nyingi haifikiwi na ishara ya kwanza, kwa sababu ganda ndilo mchakato namba 1 na haliipitishi kwa mtoto wake. Ikiwa 137 imetokea wakati wa kupandisha toleo jipya, na kontena lilichukua sekunde 10 kamili kufunga, shaka iende huko kwanza.

Katika mfano huu hakuna aliyepandisha chochote saa tisa usiku. Amri ya docker inspect ina sehemu ya State, yenye alama ya OOMKilled. Ikiwa ni kweli, kesi iko karibu kufungwa. Isipowaka, bado shahidi mkuu hajaulizwa, naye ni kiini cha Linux, kinachoandika kwenye dmesg. Mstari unaoanza na "Memory cgroup out of memory" unasema kontena lilivuka ukomo liliowekewa lenyewe. Ule unaoanza na "Out of memory: Killed process" bila neno cgroup unasema mashine nzima iliishiwa, na kiini kikamtafuta wa kutoa sadaka. Tofauti ya mistari hii miwili ni kubwa kuliko inavyoonekana: wa kwanza unamhukumu aliyekufa, wa pili haumhukumu. Kiini humchagua hasa anayeshika memori nyingi, na mkubwa si lazima awe ndiye aliyezidisha usiku huo. Kujenga imeji mpya, yaani kifurushi ambacho kontena huanzishwa kutoka kwacho, juu ya seva hiyohiyo ya gigabaiti 1, au kazi ya nakala rudufu ya usiku, kunaweza kumwangusha jirani asiyehusika.

Hapa dmesg inaitaja redis-server. Redis isipowekewa maxmemory haina ukomo wowote kwenye mashine ya biti 64. Hupokea mpaka mwenye nyumba aseme basi. Kontena la app lilikuwa na sera ya kujiwasha upya kila linapozimika, lile la cache halikupewa sera yoyote, na chaguo-msingi la Docker ni kutowasha. Kisa kizima kimo katika mistari miwili ya mipangilio ambayo haikuandikwa.

Programu za Java zina historia yake katika jambo hili. Kabla ya JDK 10 ya mwaka 2018, na marekebisho yaliyorudishwa baadaye katika 8u191, mashine ya Java ilitazama memori ya seva nzima badala ya ukomo wa kontena, ikajipimia makao ya mtu mwenye mali, ikauawa. Imeji za zamani za aina hiyo bado zinazunguka, na dalili yake ni kontena linalofanya kazi vizuri kwenye mashine ndogo na kufa kwenye kubwa.

Kabla ya kulinganisha saa za matukio, saa zenyewe zipatanishwe. Kontena kwa kawaida huandika saa za ulimwengu, UTC, nazo ziko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Msomaji wa Kiswahili ana hatua ya ziada. Logi ikisema 23:47 ya tarehe 4, simu ya Dar es Salaam ilisema 2:47 ya tarehe 5, na mlinzi wa zamu aliyeona taa nyekundu aliandika daftarini saa nane na dakika arobaini na saba usiku. Maandishi matatu, tukio moja, tarehe mbili. Kikundi kinachoandika taarifa zake kwa UTC tangu mwanzo huokoa ubishi mwingi wa asubuhi.

Wakati mwingine docker logs hairudishi kitu. Ukimya huo una sababu chache zinazojulikana. Docker husikiliza njia mbili tu, towe la kawaida na towe la makosa. Programu inayoandika kwenye faili lake ndani ya kontena haisikiki. Imeji rasmi ya nginx ilitatua hili kwa kuyaelekeza mafaili yake ya logi kwenye njia hizo mbili. Python nayo hukusanya maandishi kabla ya kuyatoa inapoona haizungumzi na skrini, hivyo ikipigwa kwa ishara ya 9 maneno yake ya mwisho hubaki kinywani. Kigezo cha PYTHONUNBUFFERED kinaiondolea tabia hiyo. Faili lililofungiwa ndani ya kontena mfu linaweza kutolewa kwa docker cp, ambayo haijali kama kontena liko hai au la.

Muda ambao kontena liliishi nao ni ushahidi. Lililozimika ndani ya sekunde moja au mbili lina kasoro ya mwanzo: kigezo kilichosahaulika, faili lisilopo, ruhusa, imeji isiyofaa. PostgreSQL, kwa mfano, hukataa kuanza mara ya kwanza bila kigezo cha POSTGRES_PASSWORD, na husema hivyo waziwazi. Kigezo hichohicho kina mtego: husomwa siku ya kwanza tu, folda ya data ikiwa tupu. Anayebadilisha nywila kwenye faili la mipangilio mwezi mmoja baadaye hajabadilisha chochote ndani ya kanzidata.

Ujumbe "exec format error" ni wa zama za kompyuta mpakato mpya za Apple. Tangu zilipoanza kutoka na vichakataji vya M1 mwishoni mwa 2020, imeji iliyojengwa juu yake huwa ya arm64 isipoagizwa vingine, ilhali seva nyingi za kukodi ni za amd64. Imeji inafika salama, inafunguka, na mashine haielewi hata neno la kwanza.

Kisa kimoja kinastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa kimewachosha watu wengi wenye akili timamu. Kontena linazimika likisema faili la entrypoint.sh halipo: "no such file or directory". Mtu anafungua imeji kwa docker run -it --entrypoint sh, anaorodhesha mafaili, na faili analiona, liko pale pale, lina ruhusa ya kuendeshwa. Analihamisha, analipa jina jipya, jibu ni lilelile. Ukweli umo katika alama isiyoonekana. Faili liliandikwa kwenye Windows, ambako mstari humalizika kwa alama mbili badala ya moja, na mstari wa kwanza, #!/bin/sh, umebeba alama ya ziada mwishoni. Linux haitafuti /bin/sh; inatafuta programu iitwayo /bin/sh na alama hiyo mgongoni, na programu hiyo kweli haipo. Anayelalamikiwa kwamba hayupo ni mkalimani, wala si faili. Amri ya cat -A huianika alama hiyo kama ^M mwisho wa mstari, na dos2unix huiondoa.

Kontena lililoishi siku tisa kisha likafa lina hadithi nyingine: kitu kimekuwa kikijaa. Baada ya memori, mshukiwa ni diski. Docker kwa chaguo-msingi huhifadhi logi katika muundo wa json-file bila kikomo cha ukubwa, chini ya /var/lib/docker/containers, na programu yenye maneno mengi hujaza diski ya gigabaiti 25 ndani ya wiki chache. Ujumbe ni "no space left on device", na kwa kawaida hutolewa na PostgreSQL, ambayo haina kosa. Amri ya df -h huonyesha nafasi, docker system df huonyesha kilicholiwa na imeji na makontena, na kama nafasi inaonekana tele ilhali mashine inasema imejaa, df -i huonyesha kama namba za mafaili ndizo zilizokwisha. Tiba ya logi ni vigezo viwili, max-size na max-file, ambavyo huyashika makontena yatakayoundwa baada ya hapo tu. Yaliyopo huendelea na tabia zao.

Kuna kontena ambalo halikufa ila halifikiki, na mteja haoni tofauti. Hapa aina ya kukataliwa ndiyo inayoongoza. Jibu la haraka la "connection refused" lina maana kwamba mashine ilifikiwa lakini hakuna anayesikiliza kwenye lango hilo. Ukimya mrefu unaoishia kwa "timed out" kwa kawaida una maana kwamba fayawoli imemeza ombi, na kwenye wingu fayawoli huwa mbili: ya mashine yenyewe na ya mwenye wingu, ambayo hupangwa kwenye tovuti yake. Anayefungua lango 443 upande mmoja na kusahau wa pili atasubiri sana. Tena Docker huandika kanuni zake moja kwa moja kwenye iptables, fayawoli ya ndani ya Linux, kwa hiyo lango lililotangazwa kwa -p huwa wazi hata pale ambapo zana ya fayawoli ya ufw inadai limefungwa. Kanuni hiyo imeiacha Redis isiyo na nywila mbele ya intaneti yote mara nyingi mno.

Ndani ya mashine, neno localhost ndilo lenye hila. Kwa kontena, localhost ni kontena lenyewe. Programu inayoitafuta kanzidata kwenye localhost:5432 inajitafuta yenyewe. Inapaswa kuita db. Kinyume chake, programu inayosikiliza 127.0.0.1 pekee ndani ya kontena haitasikia mtu wa nje hata lango likitangazwa, isikilize 0.0.0.0. Seva za majaribio za mifumo mingi ya Python na JavaScript husikiliza 127.0.0.1 au localhost kwa chaguo-msingi, ndiyo sababu kitu kinachofanya kazi kwenye kompyuta mpakato hunyamaza kikiingizwa kwenye kontena. Na depends_on ya Compose, inayopanga ni kontena lipi litangulie, ikiachwa bila sharti la service_healthy, hungoja kontena la kanzidata lianze tu, haingoji liwe tayari kupokea.

Kanzidata iguswe mwisho, na kwa mkono mwepesi. Kilichoandikwa ndani ya kontena hufutika kontena likiondolewa; kilichoandikwa kwenye hifadhi ya kudumu hubaki, isipokuwa mtu akiandika docker compose down -v, ambayo herufi yake moja ya mwisho hufuta hifadhi pia bila kuuliza. Imeji iliyotajwa kwa lebo ya latest inaweza kuleta PostgreSQL ya toleo kuu jipya kwenye data ya toleo la zamani, na kontena hukataa kuwaka likisema mafaili hayalingani na seva. Data haijaharibika. Kurudisha lebo ya toleo la awali hurudisha huduma, na kupandisha toleo hufanywa siku nyingine kwa pg_dump.

Kwenye Kubernetes, mfumo wa kusimamia makontena wenye jina la Kigiriki la mshika usukani, mambo ni yaleyale kwa majina mengine. Hali ya CrashLoopBackOff si ugonjwa. Ni mfumo kusema kwamba kontena linazimika kila likiwashwa, na sasa linangojewa: sekunde 10, 20, 40, hadi dakika tano. Logi zinazohitajika ni za kontena lililotangulia, maana lililopo sasa halijapata muda wa kusema lolote. Hupatikana kwa kubectl logs --previous. Amri ya kubectl describe pod huleta namba ya kutokea na sababu, na 137 ya memori huandikwa waziwazi OOMKilled.

Katika mfano wa mwanzo, Redis inawekewa maxmemory ya megabaiti 200 na sera ya kufuta yasiyoguswa kwa muda mrefu, kontena lake linapewa sera ya kujiwasha, na cache inapandishwa. App inafufuka yenyewe bila kuguswa, kwa kuwa haikuwa na kasoro. Neno "Up" kwenye orodha halitoshi kuthibitisha. Kinachotazamwa ni RestartCount isiyosogea, docker stats inayoonyesha memori ikipanda na kutulia, na ombi halisi la mteja kutoka nje ya seva. Kipimo cha afya kikiongezwa, hali husomeka "healthy" au "unhealthy", ila Docker peke yake haimwashi upya mgonjwa aliye hai. Hilo hufanywa na mifumo ya usimamizi kama Swarm au Kubernetes, na kwenye seva ndogo ya makontena manne linabaki kuwa kazi ya mtu wa zamu.